Tope Lisilotulia

2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi bila ngurumo wala salamu. Kutoka nyumbani hadi maabara ni kuvuka uwanja tu, lakini nilipofika shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Nimeamua kuandika hadi mvua zikatike. Daktari wa macho alinishauri nisitazame hadubini kutwa nzima, nitafute kitu kingine cha kufanya jioni. Nimekitafuta, nimekipata, na bado kinatumia macho.

Niseme kwanza ninapokaa, nisije nikasoma haya uzeeni nikajifanya nilikuwa mahali pazuri. Ni nyumba ya kazini, ndani ya ua wa mtambo wa kusafisha majitaka. Upande mmoja kuna tangi la hewa, linatokota mchana kutwa na usiku kucha. Upande wa pili kuna tangi la kutulia, na nyuma kabisa ni mto unaopokea maji tukishayasafisha. Harufu wageni huipata tangu barabarani. Sisi tulishaizoea, tunajua ipo kwa sababu tu hatutembelewi.

Tuko wawili, mimi na mama mkwe. Alikuja kumuuguza binti yake, mke wangu. Mke wangu akafariki mwaka jana, msiba ukaisha, watu wakatawanyika, yeye akabaki kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke. Watoto hatukujaliwa. Ukitutazama kwa hesabu za ukoo, sioni tena kamba inayotufunga.

Jioni shemeji, kaka wa marehemu, alipiga simu. Nilimweka kwenye spika kwa kuwa sikio langu moja ni bovu. Akasema, "Shemeji, mvua zikiisha, barabara ikipitika, nije nimchukue mama. Umemtunza vya kutosha. Au unaonaje?" Mama alikuwa jikoni. Kijiko kilichokuwa kikigonga sufuria kikanyamaza. Nikajibu, "Kama mama mwenyewe atakavyopenda, shemeji. Mimi sina neno." Kijiko kikaanza tena.

Nilijibu kwa heshima, nadhani. Mtu hawezi kumng'ang'ania mama wa mwenzake kama sufuria ya kuazima.

3 Machi

Mvua.

5 Machi

Mke wangu alikuwa mkalimani wetu. Miaka yote ya ndoa, mimi na mama tulisemezana kupitia kwake, hata tukiwa tumekaa chumba kimoja. "Mwambie mama chai ni tamu." "Mwambie mume wako ipo nyingine." Ndivyo nilivyolelewa, naye ndivyo alivyolelewa: mtu hamkodolei mkwe wake macho, wala haingii alipo bila kujikohoza. Hadi leo nikifika mlangoni kwangu mwenyewe nakohoa kwanza. Yeye akisikia anajifunga kitambaa vizuri na kusogea jikoni. Asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama," anaitika, "Marahaba," na mazungumzo ya siku yamekwisha.

Mkalimani alipoondoka, kazi yake akapewa paka. Hatukukubaliana. Siku moja mama alimwambia paka, kwa sauti ya kutosha, "Wewe paka, mwambie mwenye nyumba bomba la jikoni linavuja." Nikamjibu paka kwamba nimesikia, nitalitazama Jumamosi. Tangu hapo mambo yote ya nyumba hii yanapitia kwa paka: umeme, unga, dawa za mama za presha. Paka mwenyewe hana habari, analamba mguu.

8 Machi

Kimya amenichosha. Kimya ni fundi wa pampu, na jina hilo alipewa na watu wenye utani, maana mdomo wake haujui likizo. Leo amenifuata tangi hadi tangi akinieleza goti la mkewe. Nilikuwa nahesabu kitu, nikapoteza hesabu. Nikajitia hamnazo, akadhani sijasikia, akaanza upya.

Watu hudhani tunasafisha maji kwa dawa. Sisi tunafuga. Ndani ya tangi la hewa mna bakteria wasiohesabika wanaokula uchafu, na mchanganyiko huo ndio tunaouita tope hai. Bakteria mmoja mmoja ni mwepesi mno, hawezi kuzama. Lakini hutoa ute, kitu kama ute wa yai, na kwa ute huo wanashikana na kuwa vibonge, na vibonge vinazama. Ndipo maji safi yanabaki juu na kwenda mtoni. Pasipo ute tungekuwa tunakoroga uji mwembamba na kuumwaga. Nilimweleza mke wangu haya tulipokuwa wachumba, akaniambia mwanamume mwingine angemsifia macho yake.

14 Machi

Mvua. Mama amepanda miche ya nyanya nyuma ya nyumba, chini ya bati linalochomoza ili isisombwe. Paka ameambiwa nisiikanyage.

19 Machi

Mvua. Nimekula peke yangu sebuleni, mama amekula peke yake jikoni, ukuta katikati. Nilimsikia akitafuna. Ni aibu kuandika, lakini nilitafuna polepole ili tumalize pamoja.

23 Machi

Tope halitulii.

Kila asubuhi najaza silinda ya kioo mchanganyiko wa tangi, naacha nusu saa. Tope likiwa zima linashuka hadi chini, na kupitia maji ya juu yake unaweza kusoma gazeti. Leo limeshuka kama upana wa kidole, likasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikarudia. Vilevile. Kwenye tangi la kutulia, blanketi la tope limepanda kutoka chini na linakaribia ukingo. Likifika ukingoni litamwagika mtoni, na tutakuwa tumeimwaga mifugo yetu yote. Mvua nayo inasukuma maji kwa nguvu, inalisaidia kupanda.

Kimya anasema ni kiwanda cha sharubati kule juu, kinachotuletea majitaka yake, matunda yamekomaa na kinafanya kazi kutwa. Nikamwambia ashughulike na pampu.

27 Machi

Meneja amepiga simu kutoka ofisi kuu. Hajafika hapa tangu mvua zianze, anasema barabara ni mbaya, na kweli ni mbaya. Akaniuliza kama kuna nyuzi. Kuna bakteria warefu kama nyuzi ambao wakizidi hulifanya tope livimbe, na hao dawa yao ni klorini kidogo. Nilikuwa nimezichungulia asubuhi, nikaona chache, za kawaida. Nilitaka kusema hazitoshi kuleta vurugu hii, kwamba nahitaji siku moja zaidi.

"Mwaka juzi tulipiga klorini ikasaidia," meneja akasema. "Piga tena. Au unaonaje?"

Nikasema, "Kama utakavyoona, bosi."

29 Machi

Klorini siku ya pili. Mvua.

30 Machi

Siku ya tatu. Maji yanayotoka yameanza kuwa meupe. Kimya amesimama ukingoni bila kusema kitu, jambo lililonitia hofu kuliko maji.

2 Aprili

Leo nimefunga klorini mwenyewe, sikumpigia mtu.

Asubuhi maji yaliyokuwa yakivuka ukingo yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Nilichota kwenye glasi, nikaiweka dirishani, nikangoja. Hakikuzama kitu. Niliweka tone chini ya hadubini, nikaona bakteria mmoja mmoja wametapakaa, wengine wamekufa, wengine wanahangaika, hakuna aliyemshika mwenzake. Klorini haina macho, imepiga vibonge pamoja na nyuzi. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa na nywele, na sijawahi kuona tangi langu katika hali ile. Nilikaa kwenye stuli.

Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya tarehe ishirini na tatu. Nilitafuta vibonge vilivyosalia, nikaweka tone la tope, juu yake tone la wino mweusi, nikafunika na kioo. Wino hupenya popote penye nafasi, lakini hauwezi kupenya ute. Kibonge kizima huonekana cheusi chenye vidoa vyeupe. Hivi vilikuwa vyeupe karibu vyote, mawingu makubwa meupe, na bakteria wachache wamezama ndani yake. Ute umezidi. Ukizidi hunywa maji, kibonge kinavimba kinakuwa chepesi, na tope linaelea. Bakteria hufanya hivyo wakilishwa sukari tupu bila chakula cha kuwakuza. Hawawezi kuzaana, basi sukari yote wanaigeuza ute. Kiwanda cha sharubati. Kimya alisema kweli na mimi nikamfukuza kama nzi.

Nilikuwa bado nimeinama pale niliposikia hatua mlangoni. Nikageuka, nikamkuta mama mkwe, mwavuli mkononi, bakuli limefungwa kitambaa. Hajawahi kuvuka uwanja ule. Mchana ulikuwa umepita na sikuwa nimerudi kula. Paka hakuwepo. Kila mtu akatazama pembeni.

"Chakula," akasema.

"Ahsante, mama."

Hakuondoka. Aliitazama hadubini. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Karibu uone, mama." Nikasimama, nikaenda hadi dirishani ili asikae karibu na mimi. Akaegemeza mwavuli ukutani, akainama, akashika kitambaa kisimfunike jicho.

Alitazama kwa muda mrefu. "Mbona katikati hamna kitu?"

"Hapo ndipo penye ute, mama. Wino haupiti."

"Ndio unaowashika?"

"Ndio."

"Na ukizidi?"

"Hawatulii. Wanaelea."

"Na usipokuwepo?"

"Kila mmoja anakwenda zake."

Akainuka. "Marehemu alikuwa ananieleza haya. Nilikuwa namwitikia tu, sikuelewa." Akachukua mwavuli. "Chakula kinapoa."

Nikala nimesimama. Ni mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya naye, na yalihusu kamasi za bakteria. Nilitamani kumsimulia mke wangu, na nilipokumbuka kwamba hayupo nikaweka kijiko chini.

4 Aprili

Nimempigia meneja. Nilijikaza kisabuni, nikamwambia klorini nimeifunga na siifungui, kwamba ni ute na sio nyuzi, kwamba tope linahitaji kulishwa urea, mbolea ya kuwakuza bakteria, na kwamba nilipaswa kumwambia hapana siku ile aliponiuliza.  

"Sasa mbona hukusema? Nilikuuliza," akasema.

Ni kweli aliniuliza.  Nilipoweka simu nikakaa nikiwaza kwamba nina jibu moja kwa watu wote, lile la kama utakavyoona, kama atakavyopenda. Nimelibeba maisha yangu yote nikiliita adabu.

Urea inakuja kesho kwa lori, kama litavuka matope ya barabarani.

8 Aprili

Urea tunaimwaga kila asubuhi, mimi na Kimya. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi kuhusu kiwanda. Akasema, "Hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku, Dokta," maana ananiita hivyo kwa ajili ya hadubini, kisha akarudi kwenye goti la mkewe. Linaendelea vibaya.

Paka hayupo tangu juzi. Mama amesimama mlangoni akimwita. Maji ya uwanja yalikuwa yamefika kwenye ngazi.

10 Aprili

Paka hajaonekana. Mvua.

12 Aprili

Nyumba imekuwa ngumu. Nilidhani baada ya siku ile ya maabara tutaongea. Badala yake ni kama tulitumia maneno yote ya mwaka. "Shikamoo mama." "Marahaba." Bomba la jikoni linavuja tena, nalisikia, naye anajua nalisikia, na hakuna wa kupelekewa habari. Nimelitengeneza bila kuambiwa. Jioni nilikuta kikombe changu cha chai kimefunikwa na kisahani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nilikitazama kile kisahani kama barua.

Mchana, mvua ilipopumua kidogo, aliuanika mfuko wake mkubwa wa safari kwenye kamba. Ulikuwa umeota ukungu. Aliusugua kwa brashi, ndani na nje.

Nina upweke. Naliandika neno lenyewe nilione. Nilidhani upweke wangu ni wa kufiwa, na kwamba umeshafika mwisho wake, hauna pa kuongezeka. Kumbe nyuma yake upo mwingine unaosubiri, wa kuja nyumbani na kutokuwa na mtu wa kumkoholea.

16 Aprili

Tope limeshuka vidole viwili. Maji bado meupe.

18 Aprili

Paka amepatikana. Yuko chumba cha pampu, juu ya injini kuukuu ambako pana joto, na amezaa. Kimya alijua tangu siku ya kwanza.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hukuuliza. Na mama yako anajua."

"Mama yupi?"

"Una mama wangapi hapa? Anakuja kila siku ukiwa maabara. Anamletea dagaa. Tunapiga soga."

Nilihisi wivu, wivu wa kweli. Mtu huyu asiyejua kunyamaza anapiga soga na mama mkwe wangu, na mimi nimekaa naye nyumba moja nasikiliza kijiko. Nikamuuliza wanaongea nini, nikijaribu kuuliza kama mtu asiyejali.

Kimya akafuta mikono kwa tambara. Kwa mara ya kwanza nilimwona akichagua maneno. "Dokta, mama anasema unamfukuza kwa adabu."

"Amekuambia hivyo?"

"Hakuniambia mimi. Alimwambia paka. Mimi nilikuwepo tu."

Nikasema sijamfukuza mtu. Kimya akasema mwanawe aliuliza kwenye simu kama mama aondoke, na mwenye nyumba akajibu hana neno. "Mtu akishasikia mwenye nyumba hana neno, Dokta, atasemaje anataka kubaki? Ajiombee kwa mkwe? Huyo mama hawezi hata akikatwa."

"Na mimi nitamzuiaje mama wa watu?"

"Basi kaeni hivyo hivyo," akasema, akaenda kuwasha pampu namba mbili.

20 Aprili

Nilipiga moyo konde, nikasimama mlango wa jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mama, bomba halivuji tena?"

"Halivuji, baba. Ahsante."

Nikarudi sebuleni.

27 Aprili

Silinda: tope limeshuka hadi nusu. Juu yake maji yana ukungu mwembamba, lakini nimeona kidole changu upande wa pili. Chini ya wino vibonge vimeanza kuwa vyeusi, vidogo, vimekaza. Nilimwita Kimya aone. Akasema ni vizuri, akauliza kama hadubini inaweza kuonyesha goti.

Jioni niliukuta ule mfuko umesimama nje ya mlango wa chumba chake, mtupu, umesafishwa, mdomo wazi.

5 Mei

Mvua imepungua. Leo imenyesha asubuhi tu. Kila mtu mjini anafurahi, na mimi mtu wa majitaka, ambaye mvua imenitia adabu msimu mzima, nilisimama ukingoni nikaomba isiishe.

7 Mei

Jua.

8 Mei

Jua. Shemeji amepiga. Barabara inapitika, anakuja Jumapili. Sikumweka kwenye spika safari hii. Nilitaka kumwambia, nikawasikia nyuma yake watoto wanashangilia kwamba bibi anakuja. Nikasema, "Karibu, shemeji."

11 Mei

Alifika kabla ya saa sita, amefunga dirisha la gari mpaka juu kwa sababu ya harufu, masikini, akajitahidi kutokunja pua aliposhuka. Ni mtu mwema. Alinikumbatia. Tulikunywa chai, tukamtaja marehemu, tukataja barabara. Mfuko ulikuwa umeshawekwa barazani, na juu yake kanga iliyokunjwa ya mke wangu, ile niliyompa mama baada ya msiba.

Nikasema naenda kutazama tangi mara moja. Uongo mtupu, siku ya Jumapili zamu si yangu. Nilikwenda nikasimama maabara. Silinda ya asubuhi ilikuwa bado mezani. Tope limelala chini, limetulia, kahawia safi, na juu yake maji ambayo mtu angeweza kuyaita maji. Tangi langu limepona, na sikuwa na wa kumwambia ila watu wawili waliokuwa wanapakia gari. Nikamkumbuka meneja: mbona hukusema, nilikuuliza.

Nilivuka uwanja nikikimbia, mtu wa umri wangu, viatu vimejaa matope. Mama alikuwa sebuleni anafunga kitambaa, shemeji ameshika mfuko. Niliingia bila kukohoa. Mama akashtuka.

"Mama, mimi sitaki uondoke," nikasema.

Shemeji akauweka mfuko chini taratibu. "Sasa shemeji, mbona nilikuuliza?"

"Uliniuliza, nikakujibu kwa adabu. Sasa nakujibu kweli." Nikamgeukia mama. "Mama, najua mwanao ana haki kuliko mimi. Najua mimi na wewe aliyetuunganisha hayupo. Lakini nikija nyumbani nikikohoa, nataka kuwe na mtu anayesikia. Sijui kuongea na wewe. Nitajifunza."

Mama alikuwa ametazama sakafu, matope niliyoingia nayo. 

"Ungesema mvua zilipoanza," akasema taratibu. "Mwanangu ametoka mbali. Wajukuu wameshaambiwa. Nitawafanya nini?"

 Shemeji alinishika bega, akachukua mfuko, akatoka. Mama alimfuata. Mlango wa gari ukafunguliwa, akaingia, akajipanga vizuri kwenye kiti. Halafu akateremsha kioo, akatazama mbele, hakunitazama mimi, akasema kama anaongea na usukani:

"Paka akirudi nyumbani, mwambieni zile nyanya bado hazijaiva."

Wakaondoka. Nilifagia matope yangu mwenyewe.

12 Mei

Nimekohoa mlangoni kwa mazoea. Hakuna aliyesogea.

13 Mei

Nimemuuliza Kimya maana ya maneno ya nyanya. Huenda ni agizo tu nizimwagilie, kwa kuwa mvua imekatika. Kimya akasema mtu anayehama kabisa hahangaiki na nyanya. Nikamwambia mama ni mtu wa kuhangaika na kila kitu, hata sufuria za majirani. Akasema, "Basi mwagilia, Dokta, kwani unapoteza nini?" Nimemwagilia.

17 Mei

Mtambo sasa ni mzima. Meneja amefika, amesifu maji, amepiga picha. Nimekula kwa Kimya. Goti la mkewe nimeliona kwa macho yangu, limevimba kweli, yule mama anapata taabu sana. Nimekaa nao hadi jioni. Kwa mara ya kwanza sikutaka Kimya anyamaze, kwa sababu nilijua kinachonisubiri ng'ambo ya uwanja.

20 Mei

Jua. Nimewaleta paka na watoto wake nyumbani ndani ya boksi. Usiku uleule amewarudisha mmoja mmoja chumba cha pampu. Hata yeye.

24 Mei

Nyanya moja imeanza kuwa nyekundu upande mmoja. Nimeigeuza upande wa pili ipate jua. Nilitaka kumpigia shemeji nimweleze, nikaona ni ujinga, nikapiga. Akasema mama ametoka. Hakusema ametoka kwenda wapi, na mimi, mjinga uleule wa siku zote, sikuuliza.

25 Mei

Niandike upesi.

Alasiri nilikuwa sebuleni, nimelala kwenye kochi, gazeti usoni. Nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu asiyeumwa kifua, cha kutoa taarifa tu. Nilidhani ni Kimya, lakini Kimya haingii mahali kwa kikohozi, anaingia kwa hadithi. Kikarudiwa.

Nikaliondoa gazeti. Kwenye kizingiti, mama mkwe, mfuko miguuni, vumbi hadi magotini, amekuja kwa basi peke yake na umri ule. Alikuwa amesimama nje ya mlango kama mgeni, akingoja. Alikuwa anajikohoza kwangu, yeye mama, mimi mkwe.

Nilisimama, sikukumbuka hata kumwamkia. "Mama," nikasema, "hapa ni kwako. Hapa hukohoi. Pita."

Akanitazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Macho yake ni yale ya mke wangu, na nilikuwa sijui.

"Nyanya umezimwagilia?" akaniuliza.

"Nimezimwagilia, mama."

Akaacha mfuko pale pale mlangoni, akapita katikati ya sebule na viatu vyake vya vumbi, akaenda nyuma kuhakikisha.